Lambo limegeuka kijani: kumtafuta mkosaji kati ya bwawa la samaki na korongo

Miongozo mingi ya majitaka ya ufugaji wa samaki imeandikwa na watu wa pwani kwa ajili ya watu wa pwani. Inachukulia kwamba bahari ipo jirani, maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Uchafu wa bwawa la mwatiko ukimwagwa asubuhi penye mkondo mzuri, jioni umeshatawanyika. Haimaanishi umeisha, ila umetawanyika.

Sisi wa Dodoma hatuna bamvua. Kuanzia Mei hadi Novemba makorongo yetu ni mchanga mtupu, na maji unayofungulia kutoka bwawani hayakutani na maji mengine yoyote njiani. Kisichozama mchangani kinaishia kwenye lambo la kijiji na kukaa humo. Kisha jua linakunywa maji na kuacha vilivyomo. Ndiyo maana bwawa dogo la sato lenye mita za mraba 300, ambalo pwani lisingemshtua mtu, hapa linaweza kugombanisha mitaa miwili.

Haya yaliyo hapa chini nimeyapanga kwa dalili, maana mtu haji kulalamika kwamba fosforasi imezidi. Anakuja kusema ng'ombe wamegoma kunywa.

Kabla ya kumnyooshea mtu kidole

Chota maji sehemu tatu: juu ya shamba la samaki (kama kuna maji), kwenye bomba la kutolea, na kule yanakoishia. Chota mara mbili kwa siku moja, saa 12 asubuhi kabla jua halijachomoza na saa 9 alasiri. Tumia chupa safi za plastiki angavu, zote za aina moja, ili uzipange juu ya ukuta na kuzilinganisha kwa macho. Andika saa na mahali kwenye kila chupa. Karatasi za kupimia pH (kiwango cha tindikali au magadi ya maji) na amonia zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo za samaki; kipima oksijeni ni ghali, lakini wafugaji watano wakichanga wanakipata, na hakuna haja ya kila mtu kuwa na chake.

Ukiruka hatua hii, kila kitu kitakachofuata kitakuwa ubishi.

Dalili ya 1: Perege wa lambo wanahema juu ya maji alfajiri

Wamejipanga, midomo juu, na ukipiga hatua ukingoni hawakimbii. Hiyo ni njaa ya oksijeni. Kwa mwinuko wa Dodoma, unaokaribia mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni kama miligramu 7 tu kwa lita yakiwa yameshiba. Pwani, maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ya joto hilohilo yanabeba zaidi ya 8. Tunaanza tukiwa na akiba pungufu.

Swali ni nani anaila. Hapo ndipo vile vipimo viwili vya siku vinapofanya kazi. Kama alfajiri iko chini ya 2 na alasiri imepanda hadi 10 au zaidi, mlaji ni ukijani wenyewe: mchana unatengeneza oksijeni, usiku unaitumia. Chanzo chake ni mbolea iliyoingia majini, iwe samadi, chakula cha samaki au mbolea ya shambani. Kama asubuhi iko chini na alasiri bado iko chini, humo kuna kitu kinachooza: mabaki ya chakula, kinyesi, tope la bwawa lililofunguliwa, au samaki waliokufa wakatupwa pembeni.

Halafu kuna hali ya tatu, ambayo watu huisahau. Mvua za kwanza za Desemba zikishuka, korongo linasomba samadi ya miezi sita, majani makavu, majivu na kila kilichoachwa njiani na mifugo. Samaki wanaweza kufa ndani ya usiku mmoja, na mfugaji wa sato akabebeshwa lawama wakati bomba lake halijafunguliwa wiki nzima. Chupa ya juu ya shamba ndiyo itakayomtetea. Kama ile ya juu ni ya kahawia na inanuka zizi, mwacheni mwenzenu.

Dalili ya 2: Rangi

Hapa pana mambo mengi, na ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukijani si ugonjwa. Bwawa la samaki linatakiwa liwe na ukijani kiasi. Ingiza mkono majini wima. Vidole vikipotea machoni maji yakiwa yamefika karibu na kiwiko, hali ni nzuri. Vikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, umezidisha. Anayetaka kipimo cha uhakika achukue mfuniko wa ndoo, aupake rangi nyeusi na nyeupe kwa robo, aufungie jiwe na kamba yenye alama. Kati ya sentimita 25 na 40 ni sawa. Chini ya 20, usiku mmoja wenye mawingu na usio na upepo unatosha kuleta maafa.

Ukijani unaotisha ni ule unaoelea kama rangi ya mlango iliyomwagika, unasukumwa na upepo na kujikusanya pembe moja ya lambo, ukikauka unaacha ukoko wa buluu kwenye mawe. Huyo ni sayanobakteria, na baadhi ya aina zake zina sumu inayoharibu ini. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wamekufa kwa kunywa maji ya namna hiyo katika nchi nyingi. Jaribio lake halihitaji maabara. Tumbukiza kijiti kikavu: kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, huo ni mwani wa kawaida, unakera lakini hauui. Kikitoka kimepakwa rangi, shuku. Kisha jaza chupa angavu robo tatu, iache imetulia usiku kucha. Asubuhi, kama kijani kimepanda juu na kufanya utando, zuia mifugo leo, usingoje majibu. Kama kimeshuka chini, una nafuu. Usitumie mikono mitupu na usimpe mtoto kazi hiyo.

Chanzo? Kwenye maji baridi kama ya malambo yetu, mara nyingi kinachoamua wingi wa ukijani ni fosforasi. Baharini mara nyingi ni naitrojeni. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mfugaji: mtu wa pwani anahangaika na naitrojeni inayolisha mwani unaofunika matumbawe na majani ya bahari, wewe wa Chamwino unatakiwa kuanza na fosforasi, na fosforasi inashikamana sana na tope. Ukizuia tope lisitoke bwawani, umezuia sehemu kubwa ya tatizo bila kununua dawa yoyote.

Sasa njoo kwenye mfuko wa chakula, maana uchafu mwingi unaingia shambani ukiwa umefungwa kwa uzi na kulipiwa. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 ina naitrojeni kama gramu 48. Samaki anabaki nayo mwilini takriban theluthi moja. Zinabaki gramu 32. Mifuko 10 ya kilo 20 inaacha kilo 6.4 za naitrojeni bwawani, sawa na zile zilizomo kwenye kilo 14 za urea. Sehemu inarudi hewani, sehemu inalala kwenye tope, lakini hesabu ni hiyo. Hakuna mkulima wa Dodoma ambaye angemwaga kilo 14 za urea lamboni na kwenda kulala. Wafugaji wengi wanafanya hivyo bila kujua, na wanakuwa wameilipia bei ya chakula cha samaki, ambayo ni mara kadhaa ya bei ya urea.

Wanaochanganya wenyewe pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wana hali ngumu zaidi, kwa sababu unga unayeyuka kabla samaki hajaufikia. Tengeneza tembe hata kwa mashine ya kusagia nyama, ukaushe kivulini. Ukitupa konzi ya unga mkavu juu ya maji na kuona wingu la maziwa linashuka, wingu hilo lote ni mali ya lambo la jirani.

Dalili ya 3: Maji yameharibika Juni na Julai, na hakuna kilichobadilika shambani

Kilichobadilika ni baridi. Usiku wa kipupwe Dodoma hewa inashuka hadi nyuzi 13 au 14, na maji ya bwawa lisilo na kina yanashuka chini ya 20. Sato kwenye maji hayo anapunguza kula kwa kiasi kikubwa. Kijana anayelisha anaendelea na kopo lilelile la Machi, saa ileile ya asubuhi, maana ndivyo alivyoelekezwa. Chakula kinazama, kinavunda. Wiki chache baadaye maji yananuka, na watu wanatafuta ugonjwa.

Dawa: wakati wa kipupwe lisha mara moja, saa 8 au 9 alasiri maji yakiwa yamepata joto, na simama hapo. Kisicholiwa ndani ya dakika 10 hadi 15 ni ziada, kesho punguza. Hakuna jedwali la ulishaji linalozidi macho ya mtu aliyesimama ukingoni.

Dalili ya 4: Samaki wa lambo wanakufa mchana, si alfajiri

Hii watu huitafsiri kuwa ni sumu iliyotiwa na mtu. Angalia amonia kwanza. Amonia ina sura mbili, moja ni mpole na nyingine inaua, na kinachoamua ipi itawale ni pH na joto. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sura inayoua haifiki hata asilimia 1. pH ikiwa 8 inakaribia asilimia 7. pH ikiwa 9 inafika kama 40. Maji yenye ukijani mzito yanapandisha pH yenyewe kila mchana, kwa hiyo yaleyale yaliyokuwa salama saa 2 asubuhi yanakuwa hatari saa 9 alasiri.

Somo lake ni la vitendo kabisa: kama lazima utoe maji, toa asubuhi mapema. Na usimwage chokaa bwawani siku unayotoa maji. Baadhi ya aina za chokaa zinarusha pH juu ghafla.

Dalili ya 5: Tope jeusi, harufu ya mayai viza

Chukua fimbo, ichome pale bomba linapomwaga, ichomoe. Nchani utaona mpaka kama wa rangi: kahawia juu, chini yake weusi wa lami. Sentimita moja ya weusi si habari. Weusi ukianzia juu kabisa, na fimbo ikinuka mayai viza hadi unageuza uso, hapo pana gesi ya haidrojeni salfaidi, na oksijeni imeisha.

Baharini dalili hii inakuja haraka zaidi, kwa sababu maji ya chumvi yana salfati tele na bakteria wanaitumia oksijeni ikikosekana. Chini ya vizimba vya samaki vilivyowekwa mahali penye mkondo dhaifu, sakafu ya bahari huwa nyeusi, na wakati mwingine hufunikwa na utando mweupe wa bakteria wanaoishi kwa salfaidi hiyo. Kwenye maji yetu baridi tope la namna hiyo mara nyingi hutoa mapovu yasiyonuka, gesi ya methani. Kwa hiyo mapovu bila harufu yasikufanye ujione umesalimika. Nalo ni tope lililokosa oksijeni. Na penye visima vya maji ya chumvichumvi, ambavyo Dodoma si vigeni, harufu ya mayai inaweza kuwepo vilevile.

Chanzo hapa karibu kila mara ni siku ya kuvua. Bwawa likifunguliwa, sehemu kubwa ya maji ya mwanzo inatoka si mbaya. Uchafu mzito uko kwenye ile asilimia 10 hadi 20 ya mwisho, wakati watu wako ndani na nyavu, wanakanyaga tope, na maji yanatoka kama uji wa ulezi. Huo mwisho ndio usitoke. Funga bomba maji yakifika magotini, vua kwa kokoro, yaache yatulie siku kadhaa. Au chimba bwawa la kutulizia chini ya bomba, maji yakae humo saa 6 hadi 8 kabla ya kwenda mbele. Tope lililobaki likikauka, lipakie kwenye toroli upeleke shambani.

Dalili ya 6: Zabibu zinaungua kingo za majani

Ushauri wa kumwagilia maji ya bwawa shambani nausikia kila mahali, na mimi mwenyewe nautoa, kwa mchicha, kwa nyasi za malisho, kwa migomba. Kwa zabibu napunguza sauti. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na jua linavuta maji mara kadhaa ya hizo. Bwawa linaloongezwa maji ya kisima kila wiki bila kutolewa linazidi kuwa na chumvi. Mzabibu unaanza kupoteza mavuno pale chumvi ya udongo inapovuka desisimensi 1.5 kwa mita, ambayo si kubwa hata kidogo. Kingo za majani zikikauka kahawia na udongo ukiwa na unga mweupe kati ya mistari, acha. Na hata kama hakuna chumvi, naitrojeni nyingi zabibu zinapokaribia kuiva inakupa majani mazuri na tunda linalochelewa. Maji ya bwawa yaende kwenye mzabibu mapema, wakati wa kuchipua, kisha yahamie kwenye mboga.

Dalili ya 7: Sato kwenye lambo ambalo halikupandwa sato

Ametoroka kwako. Wengi wanafurahi, wanasema ni baraka. Lakini mito inayoelekea Wami na Rufiji ina perege wake wa asili, na sato wa kufugwa anazaliana naye na kuharibu ukoo. Weka chujio la matundu madogo kwenye bomba, ndani na nje. Ukishawapoteza huwarudishi.

Na bahari, je?

Inategemea uko upande gani wa kilima. Maji ya upande wa Bahi, yanayoletwa na mto Bubu, hayaendi baharini kamwe. Yanaishia kwenye mbuga ya Bahi na kukauka hapo, mpunga ukiwa katikati yake. Ya kusini yanaingia bwawa la Mtera, kisha Ruaha Mkuu, kisha Rufiji. Ya upande wa jiji na Hombolo yanashika Kinyasungwe, yanakuwa Wami, na kutokea Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Kwa ramani, bwawa la Nzuguni ni jirani wa mikoko.

Kwa uhalisia, sikubaliani na anayetaka kumtisha mfugaji mdogo wa Dodoma kwa kumtajia matumbawe. Kinyasungwe inakauka sehemu kubwa ya mwaka. Bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, lenyewe limejaa mchanga uliosombwa kutoka mashambani na kwenye malisho, na tope hilo limebeba fosforasi nyingi kuliko mabwawa yetu ya samaki yote yakijumlishwa. Madhara ya bwawa lako yako kilomita mbili chini ya bomba lako. Yatazame hapo. Tofauti ni siku za mafuriko, Januari au Machi, korongo linaposomba kila kilicholala: bwawa likipasuka ukingo siku hiyo, tope lake, chakula chake na samaki wake wanasafiri mbali. Nyanyua kingo na chimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua pembeni kabla ya Desemba.

Ikifika kwenye mashauri

Kutiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kwa upande wa Kinyasungwe ni Bonde la Wami/Ruvu, kwa Mtera ni Bonde la Rufiji, kwa Bahi ni Bonde la Kati. Jua uko bonde gani kabla hujapanda basi kwenda ofisi isiyo yako.

Ukitakiwa kupeleka sampuli, oksijeni, pH na joto vipimwe palepale ukingoni, havisafiri. Kwa amonia, fosforasi na uchafu unaooza, jaza chupa hadi juu bila kuacha hewa, iweke kwenye barafu na gizani, na ifike maabara siku hiyohiyo au kesho yake. Chota mbele ya pande zote mbili, jirani ashike chupa yake na wewe yako, na mwenyekiti wa mtaa aandike majina. Na chota siku bomba liko wazi. Nimeona mzozo mzima ukisimama juu ya karatasi ya maabara yenye namba nzuri sana, ya maji yaliyochotwa wiki tatu baada ya kuvua.